UCHAMBUZI: Dizeli ndogo ya Mazda na masizi yanayowatesa wanunuzi

MKENYA anayetafuta gari dogo la kumpeleka kazini na kumfikisha mashambani mwishoni mwa wiki hupigiwa hesabu tamu sana katika yadi za magari yaliyotumika. Huambiwa kwamba Mazda Demio ya dizeli ni ndogo mfano wa Vitz, ina mvuto wa pikapu, na kwamba tangi likijazwa Nairobi humfikisha Mombasa likiwa bado na mafuta ya kumrejesha sehemu kubwa ya safari. Huambiwa pia kuwa injini yake haifiki cc 1,500, jambo linalompunguzia ushuru.

Yote hayo ni kweli. Lisilotajwa ni kwamba injini hiyo humwekea mwenyewe masharti, na masharti hayo ni magumu kutimizwa na mtu ambaye safari yake ya kila siku ni ya kutoka Umoja hadi katikati ya jiji. Wengi hununua gari la aina hii kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Injini ikigoma mwaka wa pili, mkopo huendelea kukatwa kwenye mshahara hadi mwaka wa nne. Kwa hivyo inafaa mnunuzi aelewe anachokinunua kabla ya kutia sahihi.

Tuanze na chombo chenyewe. Injini hii, ambayo Mazda huiita SkyActiv-D 1.5, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2014 ndani ya Demio mpya, gari lililotwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka nchini humo kwa msimu wa 2014-2015. Mwaka 2015 ilitiwa katika CX-3, na mwaka 2016 katika Axela. Ina silinda nne, valvu 16, ujazo wa takriban cc 1,498, na turbo moja ambayo mapezi yake hubadilisha mkao kulingana na kasi ya moshi unaoizungusha. Nguvu zake ni farasi 105 injini inapozunguka mara 4,000 kwa dakika.

Hata hivyo, takwimu inayoliuza gari hili ni ile ya msukumo. Demio ya gia za otomatiki hutoa Nyutoni-mita 250, na ya gia za mkono 220, tena injini ikiwa haijapita mizunguko 1,500 kwa dakika. Demio ya petroli ya cc 1,300 ya wakati huo hutoa 121 pekee. Mtu anayeupanda mlima kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru akiwa amebeba familia na gunia la viazi hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Isitoshe, Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Injini ya kawaida huhisi upungufu huo papo hapo. Yenye turbo hujikaza na kuufidia, ingawa turbo yenyewe hufanya kazi zaidi.

Kuhusu mafuta, vipimo vya serikali ya Japani viliipa Demio hiyo ya otomatiki kilomita 26.4 kwa lita, na ya gia za mkono kilomita 30. Vipimo vya maabara havifikiwi barabarani, lakini dereva mtulivu katika barabara kuu hupata zaidi ya kilomita 20 bila kujitahidi.

Je, kampuni hii ilifikaje hapo? Itakumbukwa kwamba Japani ilikuwa imeipa dizeli kisogo. Mwaka 1999 aliyekuwa gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni kali dhidi ya magari ya dizeli, akawa anajitokeza mbele ya wanahabari akitikisa chupa ya plastiki iliyojaa masizi. Kufikia Oktoba 2003, malori na mabasi machafu ya dizeli yalikuwa yamepigwa marufuku jijini humo. Ili kuwarejesha Wajapani kwenye dizeli, Mazda ilihitaji injini isiyotoa chupa ile.

Ilikuja na wazo lililokwenda kinyume na mazoea. Injini za dizeli za kizazi kilichotangulia ziligandamiza hewa mara 16 hadi 18 ili iwe moto wa kutosha kuwasha mafuta. Mazda ilishusha uwiano huo hadi 14.8 kwa 1. Joto likipungua, oksidi za naitrojeni hupungua, na dizeli hupata nafasi ya kuchanganyika vyema na hewa kabla ya kuwaka. Kwa njia hiyo injini ilikidhi kanuni za Japani bila tangi la urea wala mtambo ghali wa kusafisha gesi hizo. Ni uhandisi wa kupigiwa mfano, na wanaoibeza injini hii kwamba ni takataka hawaitendei haki.

Hata hivyo, masizi hayakwisha. Yaligawanywa tu: sehemu hunaswa na chujio lililo katika bomba la moshi, na sehemu hurejeshwa ndani ya injini pamoja na moshi. Matatizo mengi ya gari hili, ukiyafuatilia hadi chanzo, utayakuta katika mojawapo ya njia hizo mbili.

Chukua kwanza hilo chujio, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi zake za Kizungu, DPF. Kazi yake ni kuyazuia masizi yasitoke nje. Kwa kuwa halina mahali pa kuyapeleka, kila baada ya kilomita mia kadhaa kompyuta huamuru yachomwe mumo humo. Mafuta ya ziada hunyunyizwa kwa kuchelewa ndani ya silinda, moshi hupanda joto hadi karibu nyuzi 600, na masizi hugeuka gesi na kutoweka. Dereva makini hung'amua jambo hili: injini iliyozoea kuzimika yenyewe kwenye taa za barabarani hukataa kuzimika, mizunguko hupanda kidogo, na mafuta huliwa kwa wingi kwa muda.

Shughuli hiyo huhitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatizwa. Anayeishi Nakuru na kufanya kazi Naivasha huzipata kila asubuhi. Anayetoka Donholm kwenda mjini huenda asizipate wiki nzima. Huzima gari kazi ya kuchoma ikiwa nusu, kesho yake kompyuta ikaanza tena, na kesho kutwa vivyo hivyo. Chujio hujaa, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi, na hatimaye gari hujipunguzia nguvu likawa la kujikokota.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana upesi. Yale mafuta yanayonyunyizwa kwa kuchelewa hayaungui yote. Mengine huteremka ukutani mwa silinda, yakapenya kwenye ringi za pistoni na kuingia katika oili. Kwa sababu hiyo, gari hili lina maajabu ambayo wenye magari ya petroli hawayajui: oili yake inaweza kuongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya ile inayoonyesha kwamba imejaa. Oili ikifika hapo, imechanganyika na dizeli kiasi cha kutofaa tena kulainisha vyuma, na lazima imwagwe hata kama muda wake haujatimia. Nina hakika wapo Wakenya wengi waliowahi kuchomoa kijiti hicho, wakaona oili imepanda, wakafurahi kwamba injini yao "haili oili".

Njia ya pili ya masizi ni ile ya kurejeshwa ndani. Valvu maalumu huchukua sehemu ya moshi na kuuchanganya na hewa safi inayoingia kwenye injini ili kupunguza joto la mwako. Moshi huo una masizi, nayo hewa inayoingia ina mvuke wa oili. Viwili hivyo vikikutana huwa lami. Lami hiyo huziba njia za hewa kidogo kidogo, hukwamisha valvu, na kuudanganya mtambo unaoipa kompyuta habari za kanieneo ya hewa. Gari halizimiki siku moja. Hulegea mwezi baada ya mwezi, mwenyewe akiamini ni uzee. Japani kuna gereji zinazosafisha njia hizo kwa kuzipulizia maganda ya jozi yaliyosagwa. Pasipo na mitambo hiyo, fundi hana budi kufungua na kukwangua kwa brashi, kazi ya siku nzima, na ya lazima.

Ushahidi kwamba mwendo wa mjini ndio adui mkubwa umetoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Mwaka 2018 Mazda iliyaita nchini Japani magari yenye injini hii ili yarekebishwe. Ilieleza kwamba gari likiendeshwa mwendo wa chini huku likiongezwa na kupunguzwa kasi mara kwa mara, masizi huweza kuganda karibu na valvu za kutolea moshi. Valvu hizo hushindwa kujifunga sawasawa, mgandamizo hupotea, injini hutetemeka na kukosa nguvu, na hata kuzimika. Anayesoma maelezo hayo akiwa Nairobi atadhani yaliandikwa na mtu aliyekwama katika Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni. Sehemu ya tiba ilikuwa kubadilisha programu ya kompyuta inayoongoza unyunyizaji wa mafuta.

Hapo pana swali ambalo kila mnunuzi angepaswa kuuliza: je, gari hili lilirekebishwa kabla ya kupigwa mnada? Jibu hupatikana kwa kuingiza nambari ya chesisi katika tovuti ya Mazda ya Japani. Ukaguzi unaofanywa huko kabla ya magari kupakiwa melini, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515:2000, huangalia umri usiozidi miaka minane, usukani wa upande wa kulia na usalama wa gari barabarani. Haufungui njia za hewa kutazama masizi. Ikumbukwe pia kwamba Demio za mwaka 2014 ziliruhusiwa kuingia nchini hadi mwisho wa 2021. Hizo leo zimepita umri wa miaka kumi, na zinazouzwa sasa yamkini zimepitia mikononi mwa Wakenya wawili au watatu, kila mmoja na tabia zake za uendeshaji na za sevisi.

Suala la mafuta nalo lina historia yake. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisitisha shughuli mwaka 2013, na tangu hapo Kenya huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, kutoka 500 za awali hapa Kenya. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na bila hayo magari haya yasingedumu hapa hata mwaka. Hata hivyo, injini hii ilizaliwa katika nchi ambako kikomo ni sehemu 10.

Hatari kubwa kuliko salfa imekuwa uchakachuaji. Mafuta ya taa yakitiwa ndani ya dizeli huipunguzia utelezi, na pampu ya gari hili hutegemea dizeli yenyewe kulainisha vyuma vyake huku ikiisukuma kwa kanieneo inayokaribia baa 2,000. Lori la zamani lingekohoa na kuendelea na safari. Injekta za injini hii, ambazo matundu yake ni membamba kuliko unywele, huchakaa, zikaanza kudondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza, na masizi yakazidi maradufu. Septemba 2018 serikali ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya wachakachuaji, na biashara hiyo ikapata pigo. Lakini dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara ya Mombasa hadi Malaba haijulikani ilikotoka. Mwenye gari hili anayeinunua ili kuokoa shilingi chache anacheza kamari na injekta nne.

Injekta hizo, zinapobadilishwa, hazifungwi tu kama plagi. Kila moja ina msimbo wake unaopaswa kuandikwa kwenye kompyuta ya gari, kisha injini ifundishwe upya kiasi cha mafuta. Fundi asiye na kifaa hicho atafunga injekta mpya, gari litetemeke, naye aseme kwamba injekta ni bandia. Simdharau fundi wa jua kali, kwani ndiye aliyeyaweka magari ya nchi hii barabarani kwa miaka mingi. Ila hapa anaombwa atibu kwa spana ugonjwa ambao nusu yake umo ndani ya kompyuta.

Aidha kuna oili. Injini hii huhitaji oili ya majivu machache, ya daraja la DL-1 la Kijapani au linalolingana nalo, kwa kuwa majivu ya oili ya kawaida huingia kwenye chujio na hayaungui kamwe. Oili ya dizeli inayouzwa kwa ajili ya malori, hata ikiwa ya kampuni yenye sifa, haifai. Kwa mazingira yetu ya msongamano na vumbi, kilomita 5,000 ndizo ningezihesabu kuwa mwisho wa oili hiyo, wala si 10,000.

Chujio linapojaa kwa mara ya tatu, mwenye gari huletewa pendekezo linalomvutia sana: litolewe. Ganda hukatwa, matumbo yakaondolewa, likaunganishwa tena, na kompyuta ikadanganywa kwamba lingalipo. Taa ya onyo huzimika na gari huchangamka. Mtu aliyetumia akiba yake yote na gari bado linasuasua si wa kukaripiwa akishawishika.

Lakini afahamu mambo mawili. Kwanza, mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) liliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi thabiti vya saratani kwa binadamu, na wanaouvuta ni mchuuzi wa barabarani, mhudumu wa bodaboda na mtoto anayevuka kwenda shule. Pili, na hili mafundi wengi hawalitaji, chujio mara nyingi halina hatia. Likijaa upesi kupita kiasi, linatoa taarifa kwamba kuna injekta inayovuja, valvu iliyokwama au mpira wa hewa uliopasuka. Ukilitoa, kilichokuwa kikiliziba kinaendelea kuziba njia za hewa na mapezi ya turbo, safari hii bila taa ya kukuonya.

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya yadini. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha ushuru wa bidhaa wa magari yanayozidi cc 1,500 hadi asilimia 25, huku yasiyozidi hapo yakisalia kwenye asilimia 20. Unafuu huo ni halisi, lakini Demio ya petroli huupata vilevile. Kwa hivyo faida ya dizeli imebaki kwenye mafuta tu.

Tuchukulie mtu wa mjini anayekwenda kilomita 10,000 kwa mwaka. Gari la petroli likimpa kilomita 13 kwa lita na la dizeli 17, ataokoa lita zipatazo 180. Tukikadiria lita moja kwa Sh170, ameokoa takriban Sh30,000 kwa mwaka mzima. Oili maalumu, kusafisha njia za hewa na hitilafu moja ya injekta vitazimeza na kuomba nyingine. Mchukulie sasa mwakilishi wa mauzo anayezunguka kati ya Nakuru, Eldoret na Kisumu kwa kilomita 30,000. Petroli ikimpa kilomita 16 kwa lita na dizeli 22, ataokoa zaidi ya lita 500, yaani karibu Sh87,000, na chujio lake litajisafisha njiani bila yeye kujua. Makadirio haya ni yangu na kila mtu anaweza kuweka takwimu zake, lakini mwelekeo hautabadilika. Gari ni lile lile, na mmoja wao limemfaa.

Mkazi wa jiji ambaye tayari analo hana haja ya kukimbilia kuliuza kwa hasara. Barabara ya Thika nje ya saa za msongamano, au ile ya juu kwa juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022 kati ya Mlolongo na Westlands, humpa zile dakika 20 anazozihitaji. Ada ya barabara hiyo mara moja kwa wiki ni ndogo kuliko ya kufungua injini. Akiona dalili kwamba uchomaji umeanza, asilizime gari. Azunguke hata kama amefika nyumbani.

Inafaa kutaja kwamba mwaka 2018 Mazda yenyewe iliiondoa injini hii katika CX-3 na kuweka nyingine ya cc 1,756 yenye kiwango kile kile cha juu cha msukumo, Nyutoni-mita 270. Kampuni inapoongeza ukubwa wa injini bila kuongeza msukumo, ni dhahiri ile ndogo ilikuwa ikibebeshwa mzigo wote inaoweza kubeba.

Anayekwenda kununua aende asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha injini moto, maana ikiwashwa ikiwa baridi ndipo mtetemo wa mgandamizo uliopungua husikika. Achomoe kijiti atazame ilipo oili na alama ya X, kisha ainuse: ikinuka dizeli, ajue. Aingize kidole ndani ya bomba la moshi. Kwa gari ambalo chujio lake ni zima, kidole hutoka na vumbi kidogo tu. Kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au limekwisha kutolewa. Aje na fundi mwenye kompyuta inayosoma kiasi cha masizi na ni mara ngapi yamekuwa yakichomwa, na gari liendeshwe barabara kuu kwa nusu saa nzima, badala ya kuzungushwa mtaa mmoja na kurejeshwa yadini.